Nusu ya Kushoto ya Bi Mwanamvua

Hapo zamani, si zile za mababu, ni hizi za CV na "tutakupigia", alikuwepo Bi Mwanamvua, Mzaramo mwenye kiwanda cha magodoro. Alianguka ngazini akapiga kisogo. Macho yakabaki mazima, ila ndani ya ubongo njia ya kupitisha picha ikaumia. Kushoto kote kukafutika. Anakula pilau nusu sahani, kisha anamgeukia mpishi: "Mchoyo wewe!"

Akaapa: atakayenirudishia kushoto kwangu, nampa kazi. Ya kudumu. Moja tu.

Kijana mmoja, jina lake Sikudhani, aliposikia "ya kudumu" akaruka kutoka mkekani. Shahada ya fizikia, miaka minne nyumbani, cheti kinang'aa kuliko maisha yake. Akaenda, akaizungusha ile sahani.

"Heh! Pilau imerudi!"

"Mama, macho yako fiti. Shida ni ubongo. Kuna tangi la kutibia wapiga mbizi, unafungiwa ndani, hewa inashindiliwa, unavuta oksijeni tupu. Wengine huwasaidia, wengine wapi. Tujaribu."

Tangi alilisimamia Fundi Komba. Kila siku alimkagua bibi mlangoni, kila siku akamkuta na mafuta ya nazi kichwani. "Kaoge upya, mama! Humu mafuta yakikutana na oksijeni, cheche moja tu, sote mishikaki."

Bibi naye hakukubali kufungiwa peke yake. Akaitwa Mihayo, Mnyamwezi, mtani wake. Siku arobaini Mihayo alikaa kushoto kwake mle tangini, akimchamba: "Mzaramo umezoea ngoma, tangi utaliweza?" Siku arobaini bibi aligeuka kushoto amzabe kofi. Akamkosa. Akamkosa. Akamkosa.

Siku ya arobaini na moja, barua ya ajira ilikuwa mezani, upande wa kushoto, jina bado halijaandikwa. Mihayo, kwa haki ya mtani kuchukua bila kuomba, akainyemelea. Pa! Bibi kamdaka mkono.

"Mwizi! Nimekuona!"

Vigelegele. Kisha ugomvi.

"Excuse me!" Sikudhani akafoka. "Bila mimi, mpaka leo mngekuwa mnamnunulia miwani!"

"Bila mimi angeungua," Komba akasema. "Oksijeni ilipita mikononi mwangu."

"Oksijeni gani?" Mihayo akadakia. "Kilichomponya ni matusi yangu!"

Sikudhani akahesabu vidole. Mwaka wa tano mkekani, seriously? Bibi akashika kalamu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akakwama.

Haya, ninyi mnaotafuna karanga na digrii zenu, kalamu iko hewani: aandikwe nani?