Mgeni Rasmi wa Bwawani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika ugali na kugombea uongozi kama sisi, palikuwa na mji uliokaa bondeni, chini ya bwawa kubwa. Tuta la bwawa hilo lilijengwa na Mzee Nyati na wenzake. Nyati alipofariki, mji mzima ulilia, "Shujaa ametutoka!" Enzi hizo ukiulizwa shujaa ni nani, ulimtafuta mwenye matope mpaka magotini.

Enzi zikabadilika. Sogeeni karibu, na wewe unayesinzia huko nyuma, amka, maana mambo ndiyo yanaanza.

Sasa mashujaa walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Tembo, mpiga tarumbeta. Akipuliza mkonga wake, paaa-pa-paaa! kina mama waliacha ugali ukaungua. Wa pili alikuwa Simba, mwanamieleka, mwenye manyoya ya shingoni yaliyopakwa mafuta asubuhi na jioni. Watoto wote wa mji walijifunga nyasi shingoni ili wafanane naye.

Mwaka huo wote wawili walikuwa wanagombea uchifu. Ukiuliza, "Watatufanyia nini?" unajibiwa, "Kwani humjui Tembo? Humjui Simba?" Basi, maswali yameisha.

Kwenye mawe yaliyo chini kabisa ya tuta alikaa Bi Pimbi na binti yake, Semeni. Asubuhi moja Bi Pimbi alikuwa akisonga ugali, akasikia tii... tii... tii. Maji yalikuwa yanadondoka ukutani mwa jiko lake.

Akatoka mbio kwenda kutazama tuta. Loo! Ufa mrefu ulikuwa umepita katikati, na mkono wake wote ukazama ndani. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika. Ikinyesha mvua kubwa moja tu, tuta litapasuka, na nyumba ya kwanza kuzolewa na maji itakuwa yake, na Semeni ndani.

Akamwendea Tembo. Alimkuta akifanya mazoezi ya tarumbeta mbele ya wapambe wake.

"Hodi, Bwana Tembo!"

"Karibu, karibu! Umekuja kunishangilia?"

"Nimekuja kwa ajili ya tuta. Lina ufa. Ukibeba mawe asubuhi moja tu, utakuwa umetuokoa."

Tembo akacheka, ho ho ho! "Bi Pimbi, nikibeba mawe huko chini, nani ataniona? Subiri nishinde. Nikishinda nitawatungia wimbo mzuri sana kuhusu tuta."

Akaenda kwa Simba. Huyo alikuwa anachanwa manyoya.

"Nitaunda kamati," Simba alisema, macho kwenye kioo.

"Kamati haitaziba ufa, Bwana Simba."

"Pimbi wewe! Unajua unaongea na nani?"

Bi Pimbi akarudi nyumbani roho inamuuma. Aliwakasirikia wale wawili, lakini aliukasirikia zaidi mji uliowapigia makofi. Alimkuta Semeni akirukaruka na nyasi zake shingoni.

"Mama, mimi Simba! Ngrrr!"

Bi Pimbi akamtazama mwanawe, akatazama maji yanavyodondoka. Kisha akaanza kucheka peke yake, kidogo kidogo. Alikuwa amekumbuka tabia moja ya wakubwa wa mji ule. Hawakuwahi kutengeneza kitu kwa ajili ya wenyeji, lakini ukitangazwa ujio wa mgeni rasmi, hata shimo la enzi za mababu lilifukiwa siku hiyohiyo.

Akaenda mpaka kwa Kasuku, mtangazaji wa mji.

"Kasuku, mbona hujatangaza ujio wa Mheshimiwa Kangurumbi?"

"Kangu... nani?"

"He! Mtangazaji mzima humjui Kangurumbi? Shujaa wa mashujaa? Basi nisamehe, nitamwambia Bundi atangaze."

"Ngoja, ngoja! Nani kasema simjui?" Kasuku akakohoa. "Namjua sana. Nilitaka tu kuhakikisha. Anakuja lini?"

"Jumamosi. Atasimama juu ya tuta la bwawa. Mgombea atakayenyanyuliwa mkono naye, huyo ndiye tutakayempigia kura."

Kasuku akaruka, pru-pru-pru! Kufikia mchana, hakukuwa na mnyama hata mmoja asiyemjua Kangurumbi. Msicheke. Hata ninyi mngemjua.

"Kangurumbi?" Simba akasema mbele ya umati. "Huyo tumekula naye sahani moja."

"Sahani!" Tembo akadakia. "Mimi nimepigana naye vitani bega kwa bega. Alipoumia nikambeba mgongoni!"

"Aliumia wapi?" Bi Pimbi akauliza kwa upole.

"Aliumia... mguu."

"Mguu, kweli kabisa! Ndiyo maana hapendi kusimama mahali penye ufa. Mwaka jana aliona ufa kwenye mji fulani, akageuza msafara palepale. Mgombea wa kule mpaka leo anauza karanga. Halafu mkono anaopenda kuunyanyua ni mkono wenye matope. Lakini ninyi marafiki zake mnayajua yote hayo."

"Tunayajua!" wakajibu kwa pamoja, na wote wawili wakaanza kurudi nyuma polepole, kila mmoja akitafuta njia ya kumtangulia mwenzake bwawani.

Basi mngeiona kazi! Puu! Tembo anabwaga jiwe. Kwaru, kwaru! Simba anachimba udongo wa mfinyanzi, manyoya yake yale yameganda matope.

"Toka, Simba, hapa ni pangu!"

"Pako tangu lini? Nimefika kwanza!"

Wapambe nao wakashindilia udongo, ti! ti! ti! Ndani ya ufa, ambamo mikono minene haikupita, akaingia Bi Pimbi mwenyewe. Alijaza udongo kwa viganja vyake vidogo, maji yakimpiga usoni, mpaka vidole vikachubuka. Hakuna aliyemwona, kwa sababu kila mmoja alikuwa anatazama barabarani.

Jumamosi ikafika. Jukwaa likapambwa mlimani kando ya bwawa, mji mzima ukapanda.

"Mgeni rasmi yuko njiani!" Kasuku akatangaza. Jua likawachoma. "Mgeni rasmi amekaribia!" Njaa ikawauma. Hakuna aliyethubutu kuondoka, maana nani atamwacha mgeni rasmi?

Mara mvua ikaja, shwaaa! Bwawa likajaa mpaka juu. Maji yakalisukuma tuta kwa nguvu, wanyama wakashikana mikono kwa hofu. Tuta likasimama imara. Bi Pimbi alilia pale mvuani, na alishukuru kwamba machozi hayaonekani kwenye mvua.

"Ninamwona!" Tembo akapiga kelele. "Kule ng'ambo! Ananipungia mkono!"

"Ananipungia mimi!" Simba akanguruma.

"Amefika!" Kasuku akatangaza. "Kangurumbi amelishika tuta kwa mikono yake miwili! Ametuokoa! Ameshaondoka, ana ratiba nyingine!"

Umati ukalipuka. "Kangurumbi! Kangurumbi!"

Hapo Bi Pimbi angeweza kunyamaza. Hila yake ilikuwa imefaulu, nyumba yake ilikuwa salama. Lakini alipowasikia wakimshangilia asiyekuwepo, akapanda jukwaani.

"Jamani, hakuna Kangurumbi! Nimemtunga mimi, jikoni kwangu. Tuta mmeliziba ninyi wenyewe!"

Umati ukageuka kumtazama. Kisha, "Huuuu! Una wivu! Pimbi wewe, shuka!"

Katikati ya sauti zile nene za kuzomea, Bi Pimbi akasikia sauti moja nyembamba anayoijua. Ilikuwa ya Semeni.

Siku ya kura ilipofika, Tembo na Simba hawakupata kitu. Mji wote ulimchagua Kangurumbi. Wakamwekea kiti cha chifu uwanjani, kikawa kinafutwa vumbi kila asubuhi, na hakuna aliyekikalia.

Nyumbani, Semeni akachora ukutani kwa mkaa picha ya Kangurumbi, mwenye kifua kipana na mabega mpaka darini.

"Nikikua nitakuwa kama yeye," alisema. "Wewe, Mama, umenitia aibu mbele za watu."

Yale maneno yalimuuma Bi Pimbi kuliko vidole vyake. Akamshika mkono.

"Twende tutani. Nataka unitafutie nyayo za Kangurumbi."

Upande wa chini wa tuta, ambako mvua haikupiga, udongo ulikuwa umekauka na alama zote. Semeni akainama akaanza kutafuta.

"Hizi za Tembo. Haya makucha ya Simba. Hizi za wapambe." Akatembea mwanzo wa tuta mpaka mwisho, akarudi. "Za Kangurumbi sizioni."

"Tafuta tena."

Akafika mahali penye ufa uliozibwa. Pale aliona alama za viganja vidogo, nyingi, moja juu ya nyingine, zilizokandamizwa kwa nguvu. Semeni akaweka kiganja chake ndani ya alama mojawapo. Alama ilikuwa kubwa kuliko kiganja chake kwa kiasi kidogo tu.

Akaitazama alama ile, kisha akatazama vidole vya mama yake.

"Mama."

"Naam."

"Vidole bado vinauma?"

"Vinauma, mwanangu."

Semeni akafungua nyasi zilizokuwa shingoni mwake, akaziacha pale chini.

Mwaka uliofuata, masika yalipokaribia, Bi Pimbi alimnong'oneza Kasuku kwamba Mheshimiwa Chifu Kangurumbi anakuja kukagua tuta. Tembo akakimbilia mawe, Simba akakimbilia udongo, wapambe nyuma yao. Walipofika walikuta kazi imekwisha kuanza. Semeni alikuwa tutani, matope mpaka magotini, na hakuwa anatazama barabarani.

Basi wanangu, kabla hamjampigia shujaa makofi, mtazameni kwanza miguu.