Nani Apewe Kiti cha Ma Kemilembe

Sogeeni karibu. Mwenye kahawa ya kutafuna aigawe kwanza, maana hadithi hii haisikilizwi kwa kinywa kitupu, na mwisho wake kinywa hicho hicho kitatakiwa kutoa hukumu.

Huko Maruku, nje kidogo ya mji wa Bukoba, walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Projestus, mtoto wa kaka yake Ma Kemilembe. Kipaji chake kilikuwa barabara. Alikuwa utingo wa malori miaka ishirini, akalizunguka Ziwa Victoria mara nyingi kuliko samaki wenyewe. Mfunge kitambaa machoni, mpitishe Lukaya kule Uganda, atakwambia hapa ni Lukaya, tena leo wanachoma kuku, mbuzi wamewaishia.

Wa pili ni Jeneroza, kitindamimba wa Ma Kemilembe, karani wa masjala pale wilayani. Kipaji chake kilikuwa karatasi. Watu walisema karatasi ikipotea Dodoma, Jeneroza hupiga chafya Bukoba.

Wa tatu ni Ma Nyamwiza, jirani, mchoma ndizi wa njia panda. Huyu kipaji chake kilikuwa ulimi. Aliwahi kumsema jogoo wa jirani kwa kuwika ovyo, jogoo akahamia kitongoji cha pili na mpaka leo anawika kwa kunong'ona.

Sasa shika hao watatu mkono wa kulia, tuwatazame wenye safari.

Ma Kemilembe alizaliwa Kisumu, ng'ambo ya ziwa, baba yake, mtu wa Maruku, akiwa karani wa bandari. Aliondoka kule na miaka tisa. Alibaki na vitu vichache kichwani: king'ora cha bandari asubuhi, shati jeupe la baba lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, harufu ya dagaa walioanikwa, na ngazi ya saruji mbele ya mlango alipokuwa akikaa kusubiri shati lile litokee kwenye kona. Mumewe, Mwalimu Bashweka, alifundisha jiografia miaka thelathini na minne. Kila mwaka alichora ziwa lile ubaoni kwa chaki, akachora mto Naili ukitoka pale Jinja, na hakuwahi kuona hata tone la mto huo.

Wakati wa uchumba wao alimchorea Kemilembe ziwa hilo mavumbini kwa kijiti, nyuma ya kanisa. "Tukioana," akasema, "tutalizunguka lote. Wewe utanionyesha ngazi yako, mimi nitakuonyesha mto wangu." Binti akacheka, akaruka lile ziwa la mavumbi kwa hatua moja, akasema, "Mimi tayari nimevuka."

Walioana mwaka themanini na tano. Wakapanga safari mwaka uliofuata, akaja mtoto. Wakapanga tena, paa likang'oka kwa upepo. Wakapanga, wakaahirisha, wakapanga, na ziwa likawa linasubiri palepale kama mgeni mwenye adabu, mpaka miaka arobaini ikapita na Mwalimu akaanza kujigonga kwenye miimo ya milango.

Daktari hakumficha. "Ni presha ya macho. Hairudi nyuma. Kama kuna kitu unataka kukiona, kione kabla mwaka haujaisha."

Mwalimu alikuwa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Akatoa atlasi ya zamani na uzi, akapima ziwa kwa uzi, na jioni akamletea mkewe mpango wa likizo ya mwezi wa saba. Ma Kemilembe akausoma mara mbili. Ulikuwa ratiba ya shule. Kuvuka Mutukula, kipindi kimoja. Kampala, vipindi viwili. Jinja, vipindi vinne mfululizo. Kisumu, kipindi cha mwisho kabla ya chakula.

"Mwalimu," akasema polepole, "Kisumu umeipa dakika arobaini?"

"Ni mji mdogo."

"Mimi nilikaa huko miaka tisa."

"Ndiyo maana. Wewe unaujua tayari."

Ma Kemilembe akaikunja ratiba, akaenda kupakua chakula. Hakuwa amekasirikia zile dakika. Alikuwa anawaza kwamba huyu mtu wa bomba akishafungiwa dirisha, hakuna atakayewahi kumwambia, ndiyo, niliiona ngazi yako.

Ndipo akawaita wale watatu.

Projestus alifika wa kwanza, akaitazama ratiba, akaigeuza juu chini kana kwamba labda upande ule ina maana zaidi.

"Shangazi, nani kawaambia mwanzie Mutukula?"

"Atlasi," akasema Mwalimu.

"Atlasi haijawahi kukaa kwenye lori. Utingo anakaa kushoto. Mkianzia Mutukula, ziwa litakuwa kulia safari nzima. Mwalimu atazunguka nchi tatu akiangalia sikio la dereva." Akachukua kalamu. "Anzieni kusini. Geita, Mwanza, Musoma, mvuke Sirari, muingie Kisumu. Ziwa mnalo kushoto, dirishani kwake. Halafu Kisumu mpaka Jinja mnaelekea machweo, kwa hiyo tokeni asubuhi, jua liwe mgongoni. Mkienda vile mlivyoandika, jua la asubuhi litampiga usoni, atafika mtoni machozi yanamtiririka na haoni kitu." Kisha akagawa siku kumi na nne, akataja kila mahali pa kulala na kila mahali pa kutolala, na sababu za kutolala akazisema shangazi yake alipokwenda jikoni. Kisumu akaipa siku tatu.

Hivyo ndivyo barabara ilivyopatikana.

Lakini barabara haikuvushi mpaka. Ma Kemilembe alikwenda kuomba hati ya kusafiria, akaulizwa alizaliwa wapi, akasema Kisumu, na kalamu ya afisa ikasimama hewani. Kama ni Kisumu, alete uthibitisho kwamba yeye ni Mtanzania. Uthibitisho gani, na baba amekufa, na waliomshika mkono siku ya kuondoka Kisumu wote wamekufa? Alirudi nyumbani na kukaa jikoni na koti lake la safari mwilini. Kumbe mtu anaweza kuishi mahali miaka hamsini na mitano, akazaa, akazika, halafu aulizwe wewe ni wa wapi.

Jeneroza akaja. Hakufungua sanduku wala kabati. Aliketi akauliza.

"Mama, kadi yako ya ubatizo uliishika mara ya mwisho lini?"

"Siku ya ndoa. Padri aliitaka."

"Na baada ya ndoa mlifanya nini?"

"Tulipiga picha."

"Picha nani aliitia fremu?"

Mwalimu akakohoa. Wote wakaigeukia picha ya harusi ukutani. Jeneroza akaishusha, akang'oa misumari midogo minne, na nyuma ya bwana harusi na bibi harusi, ikiwa imetumika kama ubao wa kushikilia picha, ikatoka kadi ngumu ya rangi ya chai. Kisumu, elfu moja mia tisa sitini na moja. Jina la baba, mzaliwa wa Maruku. Nyumba za bandari, namba kumi na nne.

"Nilihitaji kitu kigumu," akasema Mwalimu.

"Baba, umeusimamisha uraia wa mama kwenye msumari miaka arobaini."

Jeneroza akaambatanisha kadi, barua ya padri na kiapo cha mahakamani, akapeleka, akafuatilia, akarudi na hati mbili mpya na kibali cha pikapu ya parokia kuvuka mipaka. Padri aliwaazima pikapu pamoja na dereva wake. Hivyo ndivyo karatasi zilivyopatikana.

Siku mbili kabla ya kuondoka, Mwalimu aliikosa ngazi ya mlango wake mwenyewe, akaanguka mbele ya watu. Hakuumia mwili. Asubuhi ya safari pikapu ikaingia uani, mizigo ikapakiwa, na Mwalimu akageukia ukuta kitandani.

"Nikaangalie nini? Ukungu? Ukungu hata Maruku upo."

Ma Kemilembe akambembeleza mpaka sauti ikamwisha. Projestus akamweleza barabara, Jeneroza akamwonyesha hati. Mwalimu akavuta shuka. Dereva akazima gari.

Ndipo Ma Nyamwiza akaingia bila kubisha, mikono ina masizi ya ndizi.

"Mwalimu, mwaka themanini na tatu ulinichapa fimbo mbili. Unakumbuka?"

"Nilichapa wengi."

"Mimi ulinichapa kwa sababu nilisema mto unaingia ziwani pale Jinja. Ukasema unatoka. Nani alikwambia unatoka?"

"Kitabu."

"Kitabu. Na wewe ulikuwa umeuona?"

Mwalimu akajifunika mpaka kichwani.

"Kwa hiyo mtu ambaye hajaona alimchapa mtu ambaye hajaona. Na fimbo zangu mbili nimezibeba miaka arobaini na miwili, nikiolewa ninazo, nikizaa ninazo. Basi lala, Mwalimu. Ukifa nitawaambia watu msibani kwamba marehemu alikuwa mwalimu hodari wa vitu asivyovijua."

Shuka likatulia. Kisha likasema, "Na kama unatoka?"

"Nitakiri nilichapwa kwa haki. Lakini ukaone kwa macho yako. Ya dereva siyataki."

Mwalimu akaomba viatu.

Wakaenda. Dereva kulia, Mwalimu kushoto dirishani, Ma Kemilembe katikati, bega lake kwenye bega la mumewe. Ziwa likawa kushoto kama Projestus alivyosema, na Mwalimu akaligeuzia lile bomba lake, akawa analihesabia mkewe visiwa kwa majina, kama anaita mahudhurio. Pale Sirari afisa akatafuta kosa kwenye karatasi za Jeneroza mpaka akachoka, akagonga mhuri.

Kisumu wakaipata namba kumi na nne. Imepakwa rangi ya kijani, na mlango ni wa chuma. Mama mwenye nyumba alimsikiliza Ma Kemilembe, akampisha. Ngazi ilikuwa palepale, fupi kuliko alivyoikumbuka. Akaketi. King'ora hakikulia siku hiyo wala nyingine, watu wakasema hakijalia miaka mingi, lakini upepo ulipogeuka ulileta harufu ya dagaa, naye akaitazama ile kona. Mwalimu akaketi kando yake, akainamisha kichwa mpaka ngazi ikaingia kwenye bomba lake.

"Naiona," akasema. "Pembeni imemeguka."

"Ilimeguka tangu zamani. Ni kaka yangu na baiskeli."

Walikaa hapo mpaka adhuhuri.

Jinja walifika jua likiwa mgongoni. Mwalimu akachuma jani, akalitupa majini, akalifuata kwa kichwa chote. Jani likasita, likazunguka mara moja, likaondoka zake, likaliacha ziwa. Watu walitazama mto. Ma Kemilembe alimtazama mtu aliyekuwa akitazama mto, na uso ule ulikuwa wa kijana mwenye kijiti nyuma ya kanisa.

"Unatoka," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo. "Nyamwiza nilimchapa kwa haki."

Wangeweza kuiacha hadithi hapo, kama wangekuwa watu wa kutosheka. Lakini mwezi mmoja baada ya kurudi Maruku, bomba likiwa limezidi kuwa jembamba, Mwalimu akasema, "Maji yanapotoka nimepaona. Yanakokuja sijakuona." Alitaka kwenda Rusumo, mto Kagera unapoporomoka mpakani mwa Rwanda kabla ya kuja kulilisha ziwa, asimame darajani mguu mmoja nchi hii na mwingine nchi ile. Padri akatoa pikapu kwa siku mbili.

Asubuhi ya kuondoka Ma Kemilembe akawaita wale watatu uani.

"Mimi siendi. Mgongo wangu bado uko njiani unarudi. Tena mimi nilichotaka kukiona nimekiona, chote. Kiti changu cha katikati nampa mmoja wenu. Atakayekaa hapo, macho ya Mwalimu yakimwacha njiani, amsimulie kinachopita. Atakachosema ndicho Mwalimu atakachokiona, na huenda kikawa cha mwisho."

Nyuma ya pikapu wanaenea hata kumi. Lakini nyuma humsikii Mwalimu, naye hakusikii.

"Shangazi," akasema Projestus, "bila mimi angeliona sikio."

"Bila mimi," akasema Jeneroza, "mngeishia Sirari na ziwa lenu kushoto."

"Njia mlikuwa nayo, karatasi mlikuwa nazo," akasema Ma Nyamwiza, "na mtu alikuwa amelala."

"Ulimi bila njia ungempeleka wapi?"

"Njia bila ulimi ilimpeleka kitandani."

"Mimi ni mtoto wake," Jeneroza akasema, na Projestus akamgeukia, akasema, "Basi ukienda kama mtoto, usidai kama karani."

Ma Kemilembe akawatazama mmoja mmoja. Projestus atamtajia kila mahali kwa jina lake, asikosee hata kijito. Jeneroza atamwambia kilichopo, kama kilivyo, asiongeze wala asipunguze. Nyamwiza, mahali pakiwa patupu, atampatia tembo. Akamgeukia mumewe, ambaye alikwisha kukaa dirishani.

"Mwalimu, sema wewe."

"Kiti si changu," akasema Mwalimu. "Mimi ninachojua, aliyekikalia kwanza hana mfano. Wa pili chagua mwenyewe."

Haya. Dereva keshawasha gari. Mlango uko wazi, mkono wa Ma Kemilembe umeshika kitasa, na watu watatu wamesimama uani kila mmoja akiangalia viatu vyake kana kwamba hataki sana. Na asitokee mtu hapa akasema wabanane, kiti ni kimoja na Projestus ana mabega.

Wewe hapo unayetafuna polepole, ungekuwa Ma Kemilembe, ungemwambia nani apande?