Kadi Iliyokatizwa

Nipeni masikio kidogo, wapendwa. Na wewe uliyeshika simu, leo ishike tu, maana mfano wenyewe unatoka humo humo.

Binti mmoja alikuwa fundi wa programu. Aliandika programu ya vipimo vya presha vya zahanati, ile inayozungumza na kadi ndogo ya kumbukumbu, kama ya simu yako, ili majibu ya mgonjwa yahifadhiwe. Kazi hiyo aliifanyia nyumbani, maana baba yake alipigwa na kiharusi, ulimi ukawa mzito. Alimpenda baba yake jamani! Alimwogesha, akamlisha, akamgeuza. Mzee akifungua tu kinywa, "Mwa... mwa...", binti keshafika: "Maji, baba? Haya, maji haya." Mzee anakunywa, anamtazama, ananyamaza.

Sasa vipimo vikaanza kupoteza majibu. Mgonjwa anapimwa, kadi tupu. Zahanati wakasema watavirudisha vyote. Na binti akikosa kazi ile, dawa za baba zitatoka wapi? Akabadilisha kadi, akabadilisha tena. "Kadi gani hizi, mbovu mbovu!" Akampigia simu mwenzake wa kazini, akalalamika weee.

"Dada," mwenzake akauliza, "mwongozo wa kadi unasemaje?"

"Mwongozo gani? Si kadi tu?"

Msimcheke. Nani kati yetu husoma mwongozo kabla mambo hayajaharibika?

Akausoma. Kumbe waliotengeneza kadi wameandika wazi: ukiipa jambo la kuandika, itakuonyesha kwamba ina kazi. Usiipe jingine, usiikatie umeme, mpaka yenyewe ionyeshe imemaliza. Naye alikuwa ameipangia muda mfupi tu, kisha anaizima ili betri isiishe. Kadi za mwanzo zilikuwa nyepesi, ziliwahi kumaliza. Hizi mpya, zilizoletwa baadaye, ni za taratibu, zikawa zinakatwa katikati. Akarekebisha, programu ikawa inaisikiliza kadi badala ya kuipangia. Akampima baba yake presha, akazima, akawasha. Majibu yapo! Akapiga vigelegele peke yake.

"Baba, kumbe kadi ni nzima! Ni mimi niliyekuwa naikatiza!"

Mzee akafungua kinywa. "Mwa... mwa..." Mkono wa binti ulishafika kwenye kikombe, lakini maneno yake mwenyewe yakamrudia. Akakiacha. Akakaa kitandani, akangoja. Ilichukua muda, wapendwa. Mdomo unatetemeka, jasho linamtoka mzee.

"Mwanangu... pole na... kazi. Asante."

Binti akalia sana. Miezi yote ile alidhani baba anaomba kitu. Kumbe mzee alikuwa anamshukuru, na kila alipoanza, alinyweshwa maji.

Je, sisi? Tunalisha, tunavisha, tunahangaika huku na huku, na hatujui wazee wetu wanataka kutuambia nini. Mwenzako nyumbani anaanza neno, wewe umeshalimalizia. Hata kwa Mungu, tunamwaga mahitaji yetu mbele zake, tunasema amina, tumeshasimama!

Ukitoka hapa leo, yupo mtu kwako ambaye bado hajamaliza kusema. Mpe nafasi amalize, ungali unaye.