Machela Ina Ncha Mbili

"Machela ina ncha mbili." Jana mzee wa kanisa aliyasema maneno hayo mbele ya mchungaji na usharika, nanyi vijana wa kwaya mkatazamana, na leo mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa hapa hapa kwetu milimani Upare, wakati barabara ya magari ilikuwa bado haijapanda mpaka kanisani, na aliyeyasema kwanza alikuwa mgonjwa.

Siku zile mtaa wetu ulikuwa na mwinjilisti aliyeitwa Elirehema, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alijua kuhubiri. Akina mama walijifuta machozi kwa ncha za kanga, na wanaume wakaitikia "Amina!" mpaka mabati yakavuma. Lakini moyoni alikuwa na donda. Aliona kwamba waliolia Jumapili ndio waliogombania maji ya mfereji Jumatatu. Mwaka wa kwanza alihuzunika. Mwaka wa tatu akakasirika. Mwaka wa tano akaacha hata kuwatembelea majumbani. "Kazi yangu ni kusema," alijiambia. "Wasiposhika, shauri yao."

Wasikilizaji nao walikuwa na lao. Ibada ikiisha walisimama nje wakiyapima mahubiri kama watu wanaopima mbuzi mnadani. Mkuu wao alikuwa Mzee Senzighe, mkulima wa tangawizi na mzee wa kanisa. "Leo umetuchoma, Mwinjilisti," alikuwa akisema. Au, "Leo ulipoa kidogo." Kisha kila mtu akashika njia ya kwake.

Jumapili moja ya masika Elirehema alihubiri juu ya yule mtu aliyepooza, aliyebebwa na rafiki zake wanne mpaka wakamteremsha kupitia paani mbele ya Yesu. Alihubiri kama hajawahi. Amina zilifuatana kama mvua ya mawe. Lakini macho yake yalikuwa kwenye benchi la tatu, mahali pa Bibi Nakijwa, mjane aliyekaa chini kidogo tu ya kanisa. Ilikuwa Jumapili ya tatu hayupo. "Hata huyu amenichoka," Elirehema akawaza, na ibada ilipokwisha akateremka kwenda kumkaripia.

Alibisha hodi, akakaribishwa kwa sauti ndogo. Bibi Nakijwa alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha. Alikuwa ameteleza akiteka maji, akavunjika mguu, na sasa mguu ule ulikuwa umevimba na kuanza kunuka. Jirani alikuwa akimletea uji na kumfunga majani.

"Bibi, mbona hukutuma mtu aniite?" Elirehema aliuliza, na karipio lake likamwishia mdomoni.

"Jirani alisema amewaambia watu pale nje ya kanisa," Bibi Nakijwa alijibu. "Wewe nilidhani utakuja. Lakini mahubiri sijayakosa, mwanangu. Ukipaza sauti unafika hapa dirishani. Leo nimesikia habari za wale rafiki wanne. Nimezisikia na amina za watu. Zilivyokuwa nyingi, nikajifunga kanga vizuri, nikasema leo watakuja kunichukua."

Elirehema alitoka nje akasimama uani, uso unamwaka kama aliyepigwa kofi. Watu walikuwa wameshatawanyika kwa kuogopa mvua. Kanisani alimkuta Mzee Senzighe peke yake, anafunga mlango.

"Mzee, ulijua Bibi Nakijwa amevunjika mguu?"

"Nilisikia."

"Ukasikia, ukaenda zako kulima tangawizi?"

"Kutembelea wagonjwa ni kazi ya nani, Mwinjilisti? Si ndiyo uliyoitiwa? Sisi tunakuja, tunakusikiliza."

"Na mimi ninasema! Mnaosikia mnafanya nini?"

Lakini mguu ule haukuweza kungoja, wakateremka pamoja kwa Bibi Nakijwa. Walikata miti miwili ya mkaratusi, wakaifungia blanketi kwa kamba ikawa machela, wakamlaza yule bibi. Elirehema akashika mbele, Senzighe nyuma, wakaanza kuteremka kwenda hospitali ya bondeni, midomo imefungwa kwa hasira.

Anayebeba nyuma ya machela haoni anapokanyaga, mgonjwa amemziba. Anamtegemea wa mbele amwambie. Lakini Elirehema alikuwa amenuna. Aliruka jiwe bila kusema neno, na Senzighe akajikwaa nalo. Machela ikayumba, Bibi Nakijwa akalia kwa uchungu.

"Ungesema!" Senzighe akafoka.

Mbele kidogo palikuwa na utelezi. "Shika kulia!" Elirehema akaita. Lakini Senzighe, kwa kiburi, akakanyaga kushoto alikokuwa akielekea. Mguu ukamteleza, akapiga goti, na yule bibi nusura abiringike korongoni.

"Niwekeni chini," alisema Bibi Nakijwa.

Wakamweka. Jasho lilikuwa likimtiririka usoni, lakini alisema polepole, kama anayewafundisha wajukuu.

"Wa mbele amenyamaza, nimeumia. Wa mbele amesema, wa nyuma hakusikia, nimeumia vile vile. Wanangu, machela ina ncha mbili. Mkigombana nani ameshika ipi, aliyelala katikati ndiye anayekufa."

Mvua ikaanza kunyesha. Senzighe aliutazama mguu ule, akaanza kulia bila kujificha. "Bibi, nisamehe. Nilisikia mapema sana, nikakaa tu."

"Na mimi nilisema nikiwa mbali sana," akasema Elirehema.

Wakainua. "Jiwe!" aliita wa mbele. "Nimesikia," aliitikia wa nyuma. "Shimo, kushoto!" "Nimesikia." Wakaenda hivyo saa mbili nzima mpaka bondeni. Daktari aliutazama mguu akatikisa kichwa: wangechelewa kidogo tu, angeukata.

Jumapili iliyofuata Elirehema hakuhubiri. Aliwasimulia watu alichokikuta dirishani, akaungama kwamba kwa muda mrefu alikuwa akiwahubiria asiowajua tena. Mzee Senzighe naye akasimama, akasema habari za mgonjwa zilimfikia yeye kwanza, na akazikalia. Siku hiyo hakuna aliyethubutu kusema amina.

Bibi Nakijwa alirudi kwenye benchi lake baada ya miezi minne, akiegemea mkongojo, na alichechemea mpaka kufa kwake. Na nje ya kanisa, siku aliyorudi, hakuna aliyesema mahubiri yalichoma au yalipoa. Elirehema alitoka na joho lake mkononi, akamkuta Mzee Senzighe anamngoja mlangoni.

"Mwinjilisti," Senzighe akauliza, "leo tunakwenda kwa nani?"

Kwa hiyo jana mzee wenu hakuwa akimsema mchungaji peke yake, wala ninyi peke yenu. Mwenye kunena ameshika huku, mwenye kusikia ameshika kule, na katikati yupo mtu. Machela, wanangu, ina ncha mbili.