Gari Moja, Watu Watatu

Nina gari moja na watu watatu wa kupewa. Sogeeni mnisaidie kugawa.

Wa kwanza ni binti yangu Mwajabu, ambaye hachoki kuuliza. Wa pili ni mpwa wangu Hoza, fundi wa hapa Mombo, mwenye mikono isiyosahau. Wa tatu ni jirani yangu Mndolwa, aliyeshusha kabichi milimani kwa lori miaka thelathini, na mguu wake unajua uzito wa kila kilima. Kwa upande wangu sina la kujisifia. Hawa watatu najivunia, Mungu anisamehe.

Gari lenyewe ni dogo, la milango minne, gia zake zinaingia zenyewe. Nililinunua ili nimchukue mama yangu kule Mlalo nimpeleke Soni kwa dada yake, kwa kuwa magoti yamemkataa na hawajaonana miaka minne. Siku nilipoanza safari, kona ya tatu tu ya mlima, injini ikavuma na gari likasimama. Gia ya pili inachelewa, na ukiweka rivasi linagonga kama punda arushaye teke.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nikaweka nadhiri mbele ya watu: mtu atakayelifikisha gari hili mlangoni kwa mama, ni lake. Nilisema kwa uchungu, bila kufikiri.

Mwajabu akachukua daftari. Akazunguka kwa kila mwenye gari kama letu, kuanzia hapa mpaka Korogwe. Akapata kumi. Tisa magari yao yanapanda vizuri. Wa kumi, mwalimu mmoja wa Korogwe, alilalamika maneno yale yale: linavuma haliendi, gia ya pili inachelewa, rivasi inagonga. Alikuwa ametia oili ya injini kwenye giaboksi, ambayo ina oili yake.

"Baba," Mwajabu akaniuliza, "wewe ulitia oili gani?"

Nikakohoa. Kweli ni kwamba kopo la oili ya injini lilibaki nusu, nikalimimina humo, na nikaona haya kumuuliza fundi. Tena nilikuwa nimemficha Hoza wiki tatu, naye akihangaika na waya za gari akidhani ndizo mbovu. Nikakiri mbele yao wote.

Hoza hakunisema. Alishusha giaboksi, akaitandaza juu ya mkeka, akaosha kila kitundu, akatoa klachi za ndani zilizoungua akaweka nyingine, kisha akatia oili inayofaa. Mafundi wengine hukurudishia gari pamoja na mfuko wa nati zilizobaki. Kwa Hoza haikubaki hata moja.

"Lakini hizi klachi bado mpya," akasema. "Atakayelikanyaga kwa pupa mlimani ataziunguza tena. Mjomba, wewe usiguse usukani."

"Gari si langu?"

"Ni lako. Usiguse."

Ndipo Mndolwa akavua kandambili, akakaa kwenye usukani pekupeku. Nyuma tukakaa sisi watatu. Penye kilima aliirudisha gia mwenyewe kabla gari halijalemewa, na joto lilipopanda aliegesha, akatoa tasbihi, akangoja lipoe. Kona zote zile, halikuvuma hata mara moja. Adhuhuri ikiadhiniwa tulikuwa mlangoni kwa mama.

Mama akapanda mbele, akafunga mlango. Nami nikashika ufunguo, nikauliza nimpe nani.

"Bila daftari langu," akasema Mwajabu, "Hoza angekuwa bado anahangaika na waya."

"Na bila mikono yangu," akasema Hoza, "hilo daftari lingepanda mlima?"

Mndolwa akacheka. "Nadhiri ilisema atakayelifikisha. Usukani alishika nani, jamani? Hata mama ameona."

"Msinitie mimi," mama akasema kutoka ndani. "Athumani, uliapa peke yako, tena kwa sauti. Amua kabla ya Soni, dada yangu asitukute tunabishana."

Soni tulifika. Wale dada wawili walishikana mikono mpaka chai ikapoa, na mimi nilikuwa sijaamua. Nimemuuliza shehe, akaniambia nadhiri ilitaja mtu mmoja, basi ni mmoja.

Ijumaa ni kesho kutwa. Ufunguo ninao mfukoni mwa kanzu, na nikitoka msikitini watu wataniuliza. Nyinyi mliosikia yote, hata makosa yangu: ungekuwa mkononi mwenu, mngempa nani?