Pumzi ya Atupele

Sogeeni, mnisaidie kuamua jambo.

Subilaga, mchuma chai wa Rungwe, alikuwa na mikono isiyochoka. Daktari Lusajo alijaliwa moyo wa kutulia wenzake wakitetemeka. Muuguzi Tumwike alikuwa na macho yanayoona kile ambacho wengine hukipita.

Siku moja Atupele, wifi yake Subilaga, aligongwa na nyoka aina ya swila shambani. Kope zikalegea, ulimi ukawa mzito. Subilaga alipomfikisha zahanati, kifua kilikuwa hakiinuki tena. Lakini masikio yalisikia kila neno, ingawa hakuweza hata kupepesa jicho.

"Amekufa?" aliuliza dereva wa gari la wagonjwa lililokuwa likiwapeleka hospitalini.

"Kimya! Endesha!" Subilaga alifoka. Mganga wa zahanati alimshikia Atupele barakoa usoni, Subilaga akaminya mfuko wa hewa uliounganishwa nayo, akaachia, akaminya, njia nzima yenye makorongo, hadi viganja vikavimba. "Wifi, usiniache," alilia.

Hospitalini Lusajo alimtia dawa ya kuzima sumu ya nyoka, akampitishia mpira kooni na kumuunganisha na mashine ya kupumulia. Misuli haikuwa na nguvu hata chembe, basi akaipangia mashine ipumue badala yake kabisa. Alikipima kila kiwango kwa makini: hewa ikizidi ingepasua mapafu, ikipungua ingemuua. Atupele akahisi kifua chake kikiinuliwa na kitu asichokiamuru. Aliogopa kuliko alivyomwogopa nyoka.

Siku zikapita. Asubuhi moja king'ora cha mashine kikaanza kulia bila kukoma.

"Anashindana na mashine," Lusajo alisema. "Mpe dawa ya usingizi."

Tumwike alishika sindano, akasita. "Daktari, tazama tumbo. Linainuka kabla ya mashine kusukuma hewa. Anataka kupumua mwenyewe! Tukimlaza, misuli itazidi kudhoofu, huenda asiachane tena na mashine."

Wakabadilisha mpangilio: sasa mashine ikamsubiri Atupele aanze pumzi, ndipo imsaidie kuimaliza. King'ora kikanyamaza. Msaada ukapunguzwa kidogo kidogo, mpaka mpira ukatolewa.

"Niliwasikia," Atupele alinong'ona, akaangua kilio.

Mwaka uliofuata alijifungua binti. Akataka kumpa jina la yule aliyemrudishia pumzi.

"Bila mikono yangu, hospitali ingepokea maiti," Subilaga alisema.

"Mikono ingechoka kabla ya sumu kuisha," akajibu Lusajo.

"Na mashine ingeendelea kumpumulia hadi leo," Tumwike akasema taratibu.

Watu ni watatu, jina ni moja. Haya, ungekuwa wewe Atupele, mtoto ungemwita nani?