Pongo wa Mtoto Asiye na Jina

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana hata aliyenisimulia mimi alinuna nilipomuuliza, palikuwa na kijiji ndani ya msitu wa miombo kiitwacho Itobora. Watu wa Itobora walikuwa wakarimu, wachapakazi, na wabishi. Ukimwambia mtu wa Itobora kwamba jua limechomoza, anatoka kwanza nje kuhakikisha. Ninyi mnaocheka, sijui mnamcheka nani, maana nawajua wote mlipotoka.

Basi watu hao walikuwa na desturi yao. Mtoto wa kwanza akizaliwa, hatoki ndani, na mama yake hatoki, mpaka vipatikane vitu viwili: mbeleko ya ngozi ya pongo, yule mnyama wa msituni mfano wa swala, na jina. Na jina halitolewi na kila mwenye mdomo. Pongo ananaswa kwa chambo. Aliyeweka chambo ndiye mwenye ngozi, na mwenye ngozi ndiye mpa jina. Miaka mingi desturi hiyo haikumsumbua mtu, kwa sababu kila mtego ulikuwa na mwenyewe mmoja.

Ikaja siku Kalunde, mke wa Mihambo, akajifungua mtoto wa kike. Mtoto mzuri, mnene, na sauti aliyokuwa nayo! Akilia, kuku wanatawanyika uani. Kalunde akawekwa ndani, mlango ukateremshiwa mkeka, na mama yake mzazi, Bibi Nyanzala, akaja kumtunza. Kaka yake Kalunde naye akaja, Masele, mwanamume asiye na mke wala mtoto, mwenye maneno ya kutosha watu watatu.

Kila mmoja alikuwa na jina lake moyoni. Mihambo alitaka mtoto aitwe Mwashi, jina la marehemu mama yake, aliyefariki bila kuona mjukuu. Bibi Nyanzala alikuwa na wajukuu saba, na hakuna hata mmoja aliyepewa jina lake, jambo lililomuuma ingawa alisema halimuumi. Masele yeye alitaka mtoto aitwe Masele.

"Masele ni jina la kiume, shemeji," Mihambo akamwambia.

"Litazoeleka," Masele akajibu.

Sasa shida. Kamba ya kutegea ilikuwa moja tu pale nyumbani. Nyingine zililiwa na mchwa, kwa kuwa Mihambo aliziacha chini badala ya kuzitundika, na mama mkwe wake alilitaja jambo hilo asubuhi na jioni. Wakategesha tanzi moja, wakalifunga kwenye mti mchanga uliopindwa, mwisho wa shamba la kunde, pale msitu unapoanza, hatua kama mia kutoka nyumbani. Wakakubaliana kila mmoja apewe siku tatu za kuweka chambo anachokiamini, na zamu yake ikiisha akiondoe. Masele akasema aanze yeye, kwa vile ndiye mgeni.

Masele akaenda mtoni, akaokota makuyu yaliyoiva mpaka yakachacha, kikapu tele. Akayamwaga moja moja njia nzima, toka bondeni hadi kwenye tanzi. Harufu yake, ee! Nyuki walikuwa wakipepesuka. Upande ule wa msitu pongo hakuwa ameonekana tangu moto wa mwaka uliopita. Lakini alfajiri ya tatu, huyo! Dume zima, madoa meupe ubavuni, linatafuna makuyu na kusogea. Likasogea, likasogea. Mara ndani ya nyumba mtoto akapasua sauti. Pongo akabweka, akatoweka.

Kalunde akauliza toka ndani, "Amenaswa?"

"Bado, mwanangu," mama yake akasema.

Zamu ya Masele ikaisha. Aliambiwa aondoe chambo chake. Akaondoa kikapu, makuyu akayaacha.

Mihambo akaja na chumvi. Si chumvi ya kuokota, ni chumvi ya Uvinza, aliyoifuata siku sita kwa miguu ili mke wake ale mchuzi wenye ladha baada ya kujifungua. Akagawa nusu, akaikoroga katika maji, akaimwaga ardhini mbele ya tanzi. Pongo akaja. Akalamba udongo, akachimba kwa kwato, akalamba tena. Kati ya shingo yake na tanzi pakabaki kiganja kimoja. Mtoto akalia! Pongo akakimbia. Kesho yake akarudi, akalamba. Mtoto akalia! Akakimbia. Kesho kutwa akarudi tena, na tena akakimbia.

"Amenaswa?" Kalunde akauliza.

"Bado, mke wangu."

Zamu ya Mihambo ikaisha. Akaambiwa aondoe chambo chake. Akakuna kichwa, akauliza chumvi iliyonywewa na ardhi huondolewaje. Hakuna aliyejua.

Ndipo Bibi Nyanzala akajifunga kanga kiunoni. "Mmemlisha matunda, mmemlambisha chumvi, mnyama kanenepa kwa gharama zetu," akasema. "Sasa tazameni mtu mzima anavyofanya." Akachuma majani machanga ya kunde, yale laini ya kileleni, akayafunga kifungu, akakining'iniza nyuma ya tanzi, sawasawa na kimo cha shingo ya pongo. Anayetaka kula sharti apitishe kichwa. Siku ya kwanza, pongo akaja, akanyoosha shingo, mtoto akalia, pongo akakimbia. Siku ya pili, vivyo hivyo.

"Amenaswa?"

"Bado, mwanangu, usiniulize kila siku."

Siku ya tatu, siku ya mwisho kabisa, kulikuwa kimya. Pongo akaja kwa makuyu yaliyobaki, akalamba chumvi yake, akainua kichwa, akaona kunde. Akapitisha kichwa. Mti uliopindwa ukafyatuka, fyaa! Watu watatu wakatoka mbio, na kila mmoja akipiga kelele, "Wangu! Wangu! Wangu!"

Wakampasua tumbo waone alikula nini. Wakakuta mbegu za makuyu. Wakakuta majani ya kunde, mengine hayajatafunwa vizuri. Chumvi haikuonekana. Mihambo, jamani, alipiga magoti akalamba pua ya yule mnyama.

"Chumvi!" akasema. "Njoni mwonje!"

"Hilo ni jasho lako, shemeji," Masele akasema.

Ngozi ikawambwa. Ikakauka, ikapakwa mafuta ya mbarika, ikasuguliwa mpaka ikalainika. Mbeleko ikawa tayari. Na siku zote hizo uani walikuwa wakibishana.

Masele alisema, "Msitu huu haukuwa na pongo. Nani alimwita? Mimi. Bila makuyu yangu, chumvi yenu ingelambwa na mbuzi wa jirani, na kunde zingenyauka hapo. Mimi sina mtoto wangu. Nikose hata wa kumpa jina?"

Mihambo alisema, lakini alisema ameuelekezea uso ukuta wa ghala, kwa kuwa kwao mkwe hamkazii macho mama mkwe wake, hata anapombishia: "Mama, nakuheshimu. Lakini mnyama aliyefukuzwa siku sita mfululizo, nani alimrudisha? Chumvi. Makuyu alishaonja, angeweza kuyapata kokote bondeni. Alirudi kwa chumvi yangu, niliyoifuata siku sita. Na mama yangu hakumwona mjukuu wake. Nataka angalau amwachie jina."

Bibi Nyanzala akajipangusa jicho kwa ncha ya kanga, maana Mwashi alikuwa rafiki yake. Kisha akakumbuka anashindania nini.

"Mkwe wangu, na wewe mwanangu. Kuita ni kuita, kurudisha ni kurudisha. Ila pongo aliyeitwa na kurudi bado yuko msituni na ngozi yake. Aliyemwingiza kichwa kwenye kamba ni nani? Alikufa na kunde zangu mdomoni! Wajukuu saba, huyu wa nane. Mnataka jina langu nizikwe nalo?"

Ndipo mkeka wa mlangoni ukafunuliwa. Kalunde alikuwa amesimama pale, mtoto mikononi, vidole vya miguu vikigusa kizingiti, asikivuke. Uso wake ulikuwa umepauka kwa kukosa jua.

"Na mimi nina chambo," akasema.

Wakacheka. "Chambo gani, dada, nawe uko ndani?" Masele akauliza.

"Kimya."

Wakaacha kucheka. Kalunde akapandisha nguo yake kidogo, akawaonyesha muundi. Ulikuwa bado umevimba, umejaa alama nyekundu kutoka kifundoni mpaka gotini.

"Asubuhi ya nane nilichungulia kwenye ufa wa ukuta. Nikamwona pongo anasikia kilio, anakimbia. Kumbe! Asubuhi ya tisa nikamweka mtoto kwenye titi kabla hajaamka vizuri. Siafu wakaingia ndani, wakanipanda mguu. Nikisogea, titi linamponyoka. Likimponyoka, analia. Basi sikusogea. Waliniuma mpaka tanzi lilipofyatuka. Siku zile nane mlikuwa na matunda, mlikuwa na chumvi, mlikuwa na kunde, na pongo alikuwa anakimbia. Siku aliyobaki, ni nini kilichoongezeka?"

Bibi Nyanzala akasema, "Pole, mwanangu. Lakini kimya hakiwekwi kwenye mtego. Tena hukupewa zamu."

"Zamu mligawana ninyi, nje."

Masele, mbishi kuliko wote, akapata upenyo. "Haya! Kama kimya ni chambo, basi siku nane ulizomwacha mtoto alie, ni wewe uliyekuwa ukitufukuzia pongo. Mtu anawekaje chambo kimoja na kuharibu vitatu?"

"Nani aliniambia, kaka? Kila nikiuliza, mnasema bado. Kuna aliyekuja kunieleza kwa nini bado?"

Mihambo akauliza taratibu, "Mke wangu, wewe unataka aitwe nani?"

"Ana jina tayari. Nimekuwa nikimwita humu ndani tangu siku ya kwanza, na akilisikia anageuka. Lakini silitoi kwa wizi. Nipeni haki yangu, nitalitamka mbele yenu. Kama haki si yangu, mwiteni mnavyotaka, nami nitajifunza kumwita hivyo."

Basi wamesimama. Mbeleko imetundikwa ukutani, nyororo, tayari. Nje kuna jua zuri la asubuhi, na Kalunde amelitamani siku nyingi. Masele aliyemwita pongo yuko hapa. Mihambo aliyemrudisha yuko pale, bado anatazama ghala. Bibi Nyanzala aliyemtia kichwa kambani ameshika kiuno. Kalunde aliyemnyima sababu ya kukimbia yuko kizingitini, na muundi wake unawasha, na hawezi kupiga hatua moja kwenda nje mpaka mtoto apate jina.

Nami siwezi kumvusha. Nimejaribu. Kila mahali ninapoisimulia watu wanaanza kubishana na ninalala nikimwacha pale pale mlangoni. Ninyi mmekula karanga zangu jioni yote, sasa zilipeni kwa kumtoa yule mama juani. Wewe uliyekuwa unacheka sana, anza wewe.

Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?